Ndege wa Mwanapili

Mke wangu Mwanapili alikuwa akiwalisha ndege uani kwetu kila asubuhi ya kipupwe. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwafukuza.

Jina langu Matano wa Chirau. Nalima mpunga bondeni, nyuma ya Msambweni. Mpunga ukianza kutia maziwa, mnana na chiriku hushuka kwa makundi, na mtu akiacha kuamia ndege siku mbili tu, atavuna majani. Kwa hiyo tangu ujana wangu, kila kipupwe nimekaa juu ya dungu la miti shambani kutwa nzima, na kikapu cha mawe, na teo langu la kamba ya mkonge. Ndege wakitua napiga ukelele, nazungusha teo, naachia jiwe. Jioni narudi nyumbani sauti imekauka. Teo nalitundika shingoni, kama wengine wanavyotundika kitambaa cha jasho. Limekaa hapo zaidi ya miaka thelathini. Hata msikitini wameshanikumbusha mara nyingi nilivue.

Mwanapili alitoka kisiwani Funzi. Alikuja kwangu na kasha dogo la nguo na ungo uliosukwa na mama yake. Maneno yake yalikuwa machache. Yangu pia. Watu walikuwa wakisema nyumba yetu ukipita nje utadhani haina wenyewe.

Alianza kulisha ndege mwaka tuliomzika mtoto wetu wa tatu. Nilitoka asubuhi kutawadha, nikamwona ameketi chini kwenye kipande cha jamvi, anapepeta mchele. Makapi yalichukuliwa na upepo. Zile chenga alizichekecha mpaka zikakusanyika ukingoni, kisha akazimwaga nyuma ya mgongo wake, bila kugeuka. Na nyuma ya mgongo wake palikuwa na ndege watatu wanadonoa.

Sikumwuliza. Yeye hakusema.

Asubuhi za kipupwe uani kwetu sijui nizieleze vipi. Kunakuwa na baridi kidogo ya kusi, na manyunyu yaliyokatika alfajiri bado yanadondoka kwenye makuti. Moshi wa jikoni haupandi, unatambaa chini, unapita kwenye mrehani na kutoka na harufu yake. Jua linakuwa jeupe. Kila kitu kinakuwa mbali, hata mpapai ulio hatua tano. Ndani ya moshi huo ndege walikuwa wakishuka mmoja mmoja, kama kwamba hawakutoka popote. Tetere kwanza, kwa kuwa ni wazito na wana tamaa. Halafu mnana, wa manjano, wanagombana. Halafu chiriku. Chozi hawali chenga, lakini walikuja kwenye ua la mkomamanga, wakaning'inia pale juu ya kichwa chake. Naye katikati, kajifunga leso yake ya kisutu, mkono unakwenda na kurudi. Ungo una sauti yake. Kwanza unachakacha, halafu mchele unaruka na kuanguka, pwa. Halafu unachakacha tena.

Nikitokea tu mlangoni, wote waliruka.

"Umeshawatia hofu," alikuwa akisema.

"Mwanapili, hawa ndio wanaokula mpunga wetu."

"Nawajua."

"Sasa unawalishia nini?"

"Wakishiba hapa, kule kwako watakuja kukuamkia tu."

"Watakuja na jamaa zao."

"Basi na jamaa zao watakuamkia."

Tsuma aliposikia habari hii alicheka mpaka akakaa chini. Tsuma ni binamu yangu, shamba lake limepakana na langu, na kwetu binamu ana ruhusa ya kukutania vyovyote. "Nyumba gani hii," alisema. "Mume anawapiga mawe, mke anawaandalia. Siku ndege wakienda kwa kadhi, sijui watamshitaki nani na kumshukuru nani."

Tukaishi hivyo. Asubuhi yeye anawashibisha, na jua likipanda mimi nawatimua. Ndege ni wale wale.

Kipupwe kimoja, miaka mitatu nyuma, jiwe langu lilimpata pugi. Sikumlenga yeye. Pugi ni ndege mdogo wa kijivu, anaokota yaliyoanguka tu. Lakini jiwe halichagui. Nilimkuta kwenye tuta, mguu wa kushoto umevunjika, jicho linanitazama. Ningeweza kumwacha. Sijui kwa nini nilimtia mfukoni nikarudi naye.

Mwanapili alimshika kama anavyoshika yai. Alichonga kijiti cha chelewa, akaufunga ule mguu kwa uzi alioung'oa kwenye pindo la leso yake. Akamweka jikoni ndani ya kikapu, siku kumi na nne. Mguu ukaunga, ila vidole havikukunjuka tena. Akamwita Kiguru. Siku alipomwachia, pugi aliruka mpaka juu ya paa, akakaa kidogo, akashuka tena kuja kula nyuma ya mgongo wake.

"Huyu sasa ni wako," nilimwambia.

"Ni wetu," alisema. "Wewe ndiye uliyemleta."

Maneno hayo nimeyakumbuka sana mwaka huu.

Homa ilimshika mwanzo wa kipupwe. Siku nne. Siku ya tano asubuhi aliniomba maji, nikampa, akanywa kidogo, akasema, "Chenga ziko kwenye kifuu, nyuma ya kinu." Nikamwambia nimesikia. Hakusema tena kitu. Saa tatu alikuwa ameondoka.

Ua ulijaa wanawake. Ndege walipanda juu ya minazi wakaondoka.

Aliyemwosha ni Bi Esha, jirani yetu. Kwetu mwosha ndiye anayepewa nguo za maiti, na binti yangu Mwanasha alizikunja zote, akampelekea. Na ile leso ya kisutu ilikwenda pamoja nazo. Nilimwona akiikunja. Sikusema neno, kwa sababu ndiyo desturi, na mimi mwenyewe nimewahi kusimamia desturi hiyo kwa watu wengine.

Mwanasha ameolewa Munje. Ndiye mtoto pekee tuliyebaki naye. Kabla ya kurudi kwa mumewe alikaa nami kizingitini.

"Baba, hapa nani atakupikia?"

"Nitapika."

"Wewe hata jiko hujui linawashwa upande gani. Arobaini ikipita nakuja kukuchukua. Chumba kipo, mume wangu ameridhia. Shamba atalilima Tsuma."

Nilitazama ua. Jamvi lake lilikuwa bado pale, limelowa. Nilijua kwamba nikienda Munje, makuti yataanguka mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili mtu atakata mkomamanga, na hapatakuwa na mahali popote duniani pa kusema, hapa alikuwa akikaa Mwanapili.

"Ndege wa mama yako wakirudi, nabaki," nilimwambia. "Wasiporudi, nakuja."

Alinitazama kama anayetazama mtu mwenye homa.

"Ndege, baba?"

"Ndege."

"Mpaka arobaini?"

"Mpaka arobaini."

"Haya," alisema. "Lakini usinigeuke."

Kesho yake nilichukua kile kifuu nyuma ya kinu. Nilimwaga chenga pale pale alipokuwa akizimwaga, nikasimama mlangoni kungoja. Mnana wawili walikaa juu ya mpapai. Walinitazama. Nikawaita. Au nilitaka kuwaita, lakini kumbe sauti niliyokuwa nayo ya ndege ni moja tu, ile ya shambani. Ilitoka yenyewe. Mpapai ukabaki mtupu. Chenga zililiwa na kuku wa jirani.

Nikamwaga mchele mzima, si chenga. Nikaweka maji kwenye kigae. Nikatandika jamvi jipya. Kila siku nilisimama mahali tofauti, mara mlangoni, mara kando ya ukuta, mara nyuma ya mkomamanga kama mwizi. Walikuja hadi kwenye minazi ya nje ya ua. Nilisikia wakizungumza huko. Hawakuingia.

Siku zikawa zinapita, na mimi sizioni zikipita. Nilikuwa nikiamka nasikia ungo unachakacha, halafu pwa, halafu unachakacha. Najua ni usingizi. Nalala hapo hapo, sitikisiki, ili usikatike. Unakatika. Natoka nje, moshi haupo, kwa kuwa hakuna aliyewasha jiko.

Tsuma alipita siku ya thelathini, amebeba kikapu cha mawe. Alikuwa akiamia shamba lake na langu.

"Binamu, ndege wako wote wako kwangu," alisema. "Niwape salamu gani?"

"Waambie chakula kipo."

"Wananiambia wanakuogopa."

Alitania, lakini hakucheka. Aliniachia mhogo aliouchoma, akaenda zake.

Neno lile lilinikaa. Nikafikiri: hawaniogopi mimi, wanatafuta leso. Miaka yote hiyo waliona kisutu kile kile. Sasa hawakioni, watashukaje. Nilifikiri hivyo siku tatu nzima, na kila nilipofikiri nikaona ni kweli zaidi. Siku ya thelathini na nne nilivaa kanzu, nikaenda kwa Bi Esha kufanya jambo la aibu, kuomba kitu kilichokwisha kutolewa.

Alikuwa barazani, anachambua mchicha. Ni mwanamke mkubwa kuliko mimi kwa umri, tena ulimi wake ni mkali.

"Shikamoo, Bi Esha."

"Marahaba, Matano. Umekonda. Karibu uketi."

Nikaketi. Nikazungumza habari za mvua. Nikazungumza habari za mpunga wa Tsuma. Yeye akaendelea na mchicha wake.

"Sema ulilokujia," alisema. "Mchicha unakwisha."

Nikasema. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono kuelekea ndani. Kwenye kitanda cha kamba alilala mjukuu wake, mtoto wa mwezi mmoja, amefungwa katika nusu ya leso ya kisutu. Pindo lake lilikosa uzi upande mmoja. Nililijua pindo lile.

"Nusu ya pili iko juani, ameikojolea," alisema Bi Esha. "Ukiitaka nitamvua."

"Mwache."

"Nami nilijua utasema hivyo." Aliweka mchicha chini. "Matano, mimi nimekaa na mkeo uani miaka mingi kuliko ulivyokaa naye wewe. Wewe ulikuwa juu ya dungu. Siku nyingine alivaa kisutu, siku nyingine kaniki, siku nyingine leso yangu mimi, kwa sababu yake imelowa. Ndege walikuja vile vile. Ndege hawajui leso. Wanajua ungo."

"Ungo?"

"Sauti yake. Aliwahi kuwaita hata siku moja? Aliwahi kugeuka kuwatazama? Alipepeta tu. Wewe unawatolea macho kama unayelenga. Tena hebu jitazame."

Nikajitazama.

"Shingoni," alisema.

Nikapeleka mkono. Teo lilikuwepo, juu ya kanzu. Nilikuwa nimelivaa asubuhi zile zote, siku zote thelathini na nne, nikimwaga chenga na kuwakaribisha wageni na kamba ya kuwapigia imening'inia kifuani. Hata kwenye mazishi, sijui. Sijathubutu kuuliza.

Bi Esha hakucheka. Alinitilia mchicha kwenye jani la mgomba, akasema, "Nenda ukapepete."

"Mimi ni mwanamume, Bi Esha."

"Ndege hawajui hilo pia."

Nililiacha teo jikoni, ndani ya kile kikapu alicholala Kiguru. Shingo yangu ilihisi baridi, kama mtu aliyenyolewa. Nikatwaa ungo wa Funzi. Mama yake Mwanapili alikuwa ameusuka kwa ukindu, na Mwanapili ameushona ukingo mara nne. Niliuona ule ushonaji kwa mara ya kwanza. Nikakaa pale pale alipokuwa akikaa, nikaelekea alikokuwa akielekea, mgongo kwa mrehani.

Kupepeta si kazi rahisi. Siku ya kwanza nusu ya mchele ilikwenda mchangani na makapi yakanijaa machoni. Tsuma alichungulia juu ya ua.

"Binamu, umeolewa lini? Mbona hatukualikwa?"

"Nenda shamba."

"Naenda, naenda. Lakini bibi harusi, uushike ungo kwa vidole, si kwa viganja. Mama yangu alikuwa akisema mikono iwe kama inayooga."

Nikaushika kwa vidole. Alisimama kidogo akitazama, halafu akaondoka kimya kimya, akakanyaga taratibu kama mtu anayepita mbele ya anayesali.

Siku ya pili mchele ulianguka ndani. Siku ya tatu ulianza kutoa sauti. Si ile sauti. Ungo ulichakacha ukakwama, ukachakacha tena. Nilimwaga chenga nyuma yangu bila kugeuka. Nikisikia mbawa shingo inataka kwenda, miaka thelathini imeizoea kwenda. Nikaizuia. Nilitazama mbele tu. Sikuwa nimepata kujua kile Mwanapili alichokuwa akikitazama asubuhi zote zile. Ni kipande cha ukuta, na mlango wa jikoni, na juu ya mlango, paa linapokutana na mbingu. Na ukikaa hapo, mtu anayetoka ndani kutawadha unamwona kabla hajakuona.

Siku ya nne na ya tano nilisikia wapo kwenye mkomamanga. Chini hawakushuka. Nikiondoka na kurudi baadaye, nilikuta chenga zimelala zilivyolala.

Siku ya arobaini tulimsomea khitma. Ua ulijaa watu na masufuria, na hapakuwa na ndege hata mmoja. Mwanasha alikuwa amefika, alipika, aliwaaga wageni, akalala kwangu. Asubuhi yake alifunga furushi langu kwenye shuka, kanzu mbili na kikoi na birika. Hakuniuliza kitu. Aliona ua, ukamjibu.

"Gari la Munje linapita saa mbili," alisema.

"Nipepete kidogo kwanza."

"Wewe?"

"Kidogo tu."

Alikuwa amewasha jiko kuchemsha maji, na moshi ukatoka mlangoni, ukashuka, ukatambaa mchangani, ukanipita. Niliketi. Kulikuwa na baridi ile ile na manyunyu yanadondoka. Nikaweka mchele wa mwisho ungoni. Sikufikiri juu ya ndege. Nilifikiri juu ya mlango ule, kwamba labda kila asubuhi alikuwa akiutazama. Mikono ilikwenda na kurudi. Ungo ukachakacha, mchele ukaruka, ukaanguka, pwa. Nikausikia. Ukachakacha tena, ukaanguka tena, na sikujua kama nauendesha au nausikiliza.

Nikamwaga chenga nyuma yangu.

Mbawa. Halafu miguu midogo mchangani. Sikugeuka.

Mwanasha alitokea mlangoni na furushi mkononi. Mdomo wake ulifunguka kuniambia saa imefika, ukabaki hivyo. Alitazama nyuma ya bega langu. Alilishusha furushi polepole mpaka likagusa chini.

"Baba," alisema, kwa sauti ya kunong'ona. "Usigeuke."

"Sigeuki."

"Ni wengi."

Nikaendelea kupepeta.

"Wa manjano hao wanapigana. Na tetere. Baba, wanaingia mpaka kwenye kanzu yako." Akainama atazame vizuri. "Kuna kidege kingine, cha kijivu, kiko peke yake. Kinachechemea."

Habari za Kiguru sikuwahi kumwambia. Alikuwa keshaolewa.

"Mguu gani?" nilimwuliza.

"Wa kushoto. Vidole havikunjuki."

"Huyo tuliletewa," nilisema. "Nililetwa naye. Ni wetu."

Maneno yalitoka hovyo, lakini hakuniuliza maana yake. Alikaa kizingitini, mahali pale ninapotokea mimi, akafuta uso kwa ncha ya leso. Gari la Munje lilipiga honi barabarani. Hakuinuka. Lilipiga tena, likaenda.

"Nitakupikia chai," alisema baadaye. "Halafu nitakwenda zangu peke yangu. Ngoja kwanza hao wamalize."

Mchele ulikuwa umekwisha ungoni. Niliendelea kupepeta.